Jinsi Nilivyomlea Mgeni wa Chumba Namba 19

Jumatatu, 3 Machi

Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa bafu, mahali ambapo hakuna anayeweza kusema hakuliona. Vitanda havitoshi. Jumatano ijayo, tarehe kumi na mbili, Mshauri wa wanafunzi atawahoji wakazi wa kila chumba, wawili wawili. Wanaoelewana watabaki bwenini. Wasioelewana watatenganishwa, na yule mwenye ndugu mjini ataondoka akaishi kwa ndugu yake.

Mimi nina ndugu mjini. Nina shangazi, fundi wa kushona nguo, mwenye cherehani tatu katika chumba kimoja. Kitanda changu huko ni godoro chini ya meza ya kukatia vitambaa. Saa kumi na mbili asubuhi cherehani zinaanza kunguruma. Saa mbili wateja wanaingia kujaribu magauni, na mimi bado natafuta suruali. Nilikaa huko wiki mbili kabla chuo hakijafunguliwa. Sirudi.

Isitoshe, baba ameshatangaza kila mahali kwamba mwanawe anaishi chuoni. Nikirudi chini ya meza, sura yangu nitaificha wapi?

Bahati nzuri mimi ndiye mwenyeji. Barua ya Mpango wa Wenzi ilisema kila chumba kina msaidizi mmoja na msaidiwa mmoja, ili watu wazoee chuo na wasikae kwa upweke. Haikusema nani ni nani. Haikuwa na haja. Mwenzangu ametoka nchi ya mbali, Kiswahili amejifunzia darasani, na kwa siku hasemi zaidi ya maneno kumi. Namwita Kimya. Ni kweli yuko mwaka wa pili na mimi nina wiki tatu tu hapa, lakini hilo linaonyesha tu kwamba ameteseka muda mrefu zaidi.

Mpango wangu: hadi Jumatano ijayo awe amezoea kabisa, tuingie kwa Mshauri tukicheka kama ndugu.

Naanza na salamu. Kimya hajui kusalimiana. Ukimuuliza habari anasema nzuri, kisha anarudi kwenye kitabu chake. Nzuri, basi! Kwetu salamu ina foleni yake: usingizi, nyumbani, masomo, mwili, hali ya hewa, halafu mnarudia kwa ufupi. Nimemwandikia ratiba nzima na kuibandika juu ya kitanda chake.

Jumanne, 4 Machi

Ratiba imefanya kazi, au imeharibu kila kitu. Sijui. Asubuhi Kimya alisimama mbele ya kitanda changu, akaisoma karatasi kutoka juu hadi chini, akaniuliza usingizi, nyumbani, masomo, mwili na hali ya hewa, huku akinitazama machoni kama daktari. Kisha akasubiri majibu. Majibu ya kweli! Kwetu unasema salama, salama, salama, mnaendelea na safari. Yeye anasubiri.

Nilibabaika. Nikajikuta nimemwambia kwamba usingizi siupati, na kwamba nikiingia ukumbi wa mihadhara moyo unanienda mbio. Akatikisa kichwa polepole, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Anaandika nini?

Mchana nilichukua wali na maharage mkahawani nikaja kulia chumbani. Mkahawani kila meza ina watu wanaojuana. (Hili halina uhusiano wowote na upweke. Napenda utulivu.) Kimya akaingia. Nikasema karibu chakula. Mtu yeyote mwenye adabu anajibu asante, nimeshiba, hata kama njaa inamkata utumbo. Kimya akasema asante. Akachukua kijiko. Akavuta kiti. Akala nusu, nusu kamili, utadhani kapima kwa rula.

Nimelala kitandani na nusu tumbo. Nimepigwa na butwaa.

Jumatano, 5 Machi

Niliapa leo simkaribishi. Mlango ukafunguka, mdomo ukanitangulia: karibu. Mama alinilea hivyo. Siwezi kumeza tonge mbele ya mtu bila kumkaribisha, koo linafunga.

Alikuja na kijiko chake mwenyewe. Safari hii kilikuwa tayari mfukoni.

Basi jioni nikahamia chumba cha kufulia nguo, nikala nimesimama kati ya ndoo mbili na suruali za watu zinazochuruzika maji. Nani akanikuta? Mtaalamu. Huyu ni jirani wa chumba namba 20, mwaka wa kwanza kama mimi, isipokuwa yeye anajua kila kitu. Naye anaishi na mgeni. Kila siku kicheko chake kinapenya ukutani. Akaniuliza kwa nini nakula na suruali. Nikasema najifunza kuwa huru. Akasema yeye na mwenzake wanafundishana karata, na kwamba siri yote iko kwenye kijitabu cha Mshauri, ukurasa wa nne: msikilize mwenzako bila kumhukumu. Akanitajia hata kipengele. Kiburi kilioje!

Nimekitafuta kijitabu. Nilikuwa nimekiweka chini ya mguu mfupi wa kitanda. Ukurasa wa nne unasema hivyohivyo.

Kesho nitasikiliza kuliko Mtaalamu alivyowahi kusikiliza.

Alhamisi, 6 Machi

Nimesikiliza kwa saa nzima. Nilivuta kiti mbele ya Kimya, nikakaa, nikamkazia macho bila kumhukumu. Yeye alikuwa anasoma. Baada ya dakika kumi akainua uso. Nikatabasamu. Akarudi kitabuni. Baada ya nusu saa alihamia upande wa pili wa meza. Nami nikahama na kiti changu. Mwishowe akatoka, akarudi na chupa ya maji, akanipa, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu nyumbani ambaye ningependa kumpigia simu.

Maskini. Ni wazi yeye ndiye anayekumbuka kwao.

Halafu kuna jambo la mkate, ambalo sijaliandika kwa sababu linaniudhi. Kila jioni Kimya anaweka mezani mkate mzima na mayai mawili ya kuchemsha. Anaviweka upande wangu wa meza, anavipanga vizuri juu ya kitambaa, kisha anatoka anaenda zake maktaba. Hasemi karibu. Hasemi lolote. Mimi nabaki na mkate, tunatazamana. Mate yananijaa kinywani, lakini sijalelewa kugusa chakula cha mtu ambaye hajanikaribisha. Akirudi anakuta kila kitu kiko vilevile, uso unamwanguka, anavifunga na kuviondoa.

Kwa nini anunue mkate asioula? Kwa nini auweke mbele yangu? Kama ni maringo, ni maringo ya ajabu. Kama ni mtego, nimeukwepa mara nne.

Ijumaa, 7 Machi

Maji yamenifika shingoni. Naandika haraka.

Leo tulipewa fomu za Mshauri, kila mtu yake, za kujaza na kutumbukiza kwenye sanduku la mbao nje ya ofisi yake. Maswali ni ya uchokozi. Wiki hii umekula na mtu mara ngapi? Ukiwa na shida unamwambia nani? Mtaalamu akaninong'oneza kwamba wenye hali mbaya ndio wanaohurumiwa na kuachiwa vitanda. Basi nikajaza kwamba sina rafiki hata mmoja, kwamba nakula na suruali za watu, kwamba Jumapili iliyopita nilijifungia chooni nikalia kwa dakika ishirini. Nikatumbukiza. Ndipo nilipokumbuka kwamba hayo yote ni kweli.

Nikiwa bado nimeduwaa, Mtaalamu huyohuyo akapita akasema amekosea: wanaoachiwa vitanda ni wale wenye furaha. Kisha akaenda zake, anapiga mluzi.

Nilingoja saa saba mchana, watu wote wakiwa mkahawani. Nikachukua rula, nikazungushia gundi ya karatasi kwenye ncha, nikaingiza kwenye mwanya wa sanduku. Ilinasa fomu. Nikaivuta, nikakimbia nayo hadi chumba cha kufulia nguo.

Haikuwa yangu. Ilikuwa ya Kimya.

Sikukusudia kuisoma. Niliisoma mara tatu. Ameandika: "Mwenzangu ananikaribisha chakula chake kila siku. Mimi namwekea mkate na mayai jioni, halafu natoka ili asione haya kula mbele yangu. Hagusi. Nadhani nimemkosea, wala sijui wapi."

Nilipofika mwisho, macho yalikuwa yananiwasha. Harufu ya sabuni, bila shaka. Kisha nikazinduka. Kimya ananishtaki! Ameandika hadharani kwamba sili chakula chake. Mshauri akisoma atasema hatuelewani, na mwenye ndugu mjini ni nani?

Nimeificha fomu ndani ya soksi. Ushindi.

Sio ushindi. Nimesoma upya maandishi madogo chini ya fomu: chumba ambacho hakitaleta fomu mbili kitahesabiwa kwamba kimejitoa. Niliporudi mbio kuirudisha, sanduku lilikuwa limeshaingizwa ofisini na mlango umefungwa hadi Jumatatu.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda kwa shangazi kuangalia hali, ikiwa mambo yatakwenda mrama. Nikamwamkia, akaniitikia sindano ikiwa mdomoni. Ameshasikia habari za vitanda. Baba alimpigia simu. Amepanga upya chumba. Godoro amelifulia foronya, na cherehani ya tatu ameisogeza kando ili nipate pa kunyoosha miguu. Watoto wake wote wameshaoa na kuolewa. Alinionyesha foronya ile kwa furaha, nami nikajisikia vibaya, kwa sababu nilikuja nikiomba Mungu nisiihitaji.

Nikamweleza kila kitu: ratiba, kijiko, mkate, hata fomu. Alicheka hadi akatoa sindano mdomoni. Halafu akaacha kucheka, akaniambia, "Wewe mtoto, huyo kijana anakulisha. Kwao huenda wanaweka chakula na kuondoka, ndiyo adabu yao. Anakuwekea siku zote hizo, na wewe unautazama tu mkate wa watu. Nenda ukale."

Nilitaka kumwambia hilo haliwezekani, mimi ndiye ninayemlisha yeye. Lakini shangazi habishiwi akiwa na mkasi.

Nimelifikiria njia nzima. Si kwamba amesema kweli. Ila kama mkate ndio ushahidi dhidi yangu, basi dawa ni kuula ushahidi.

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi nimempelekea Mshauri fomu ya Kimya. Nikamwambia upepo uliipeperusha hadi chumbani kwetu. Mshauri ni mama wa makamo anayeongea taratibu na kukutazama juu ya miwani. Akaigeuza fomu, akaibandua gundi kwenye pembe, akasema ukumbi lilipokaa sanduku hauna hata dirisha moja. Nikasema ni upepo wa watu wakipita. Akaipokea.

Jioni Kimya akaweka mkate na mayai, akatoka. Nikapiga moyo konde. Nikala mkate wote. Mayai yote mawili. Nikafuta hata makombo, kwa sababu kwetu kubakiza chakula cha mtu ni kumwambia hajui kupika, na hata kama mkate kaununua, heshima ni ileile.

Kimya akarudi, akaangalia meza tupu. Kwa mara ya kwanza tangu tukutane, alitabasamu meno yote yakaonekana. Kisha akatazama tena kitambaa kitupu, akakunja uso kidogo, akatoka mbio.

Akarudi na mkate mwingine! Akauweka mezani, akatoka tena. Ningefanyaje? Nikaula.

Jumanne, 11 Machi

Leo ameanza na mikate miwili na mayai manne. Nimemaliza. Amekuja, ameona, ameshtuka, ametoka, amerudi na wa tatu.

Simwelewi. Nikila kidogo namvunjia heshima. Nikila vyote analeta zaidi. Uso wake una huzuni, ni kama anamhudumia mtu aliyetoka kufungwa. Nimejikaza kisabuni hadi robo ya mkate wa tatu, nikamalizia nikiwa nimelala chali, nikitafuna kama ng'ombe. Mshipi wa suruali umekataa.

Mtaalamu amechungulia mlangoni, akauliza kama nahitaji daktari. Nikamwambia haya ni maelewano baina ya mataifa, yeye na karata zake hawezi kuyajua. Leo ukutani kwao sikusikia kicheko.

Mahojiano ni kesho saa nne. Siwezi kuinama kuvua viatu.

Jumatano, 12 Machi

Imekwisha. Sijui imekwishaje, lakini naandika yote kama yalivyokuwa.

Tuliingia saa nne. Kimya alikaa wima. Mimi sikuweza kukaa wima, kwa hiyo niliegemea ukuta, nikijitia kwamba ni mtindo. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nikaanza: kwamba kama msaidizi wa chumba namba 19 nimejitahidi kumlea mgeni wangu, nimemfundisha salamu, nimemsikiliza kwa saa nzima, na sasa anaendelea vizuri.

Mshauri akavua miwani. Akasema, "Mwanangu, msaidizi ni huyu. Msaidiwa ni wewe."

Nikacheka. Hakuna aliyenifuata. Akanieleza taratibu. Kila msaidizi ni wa mwaka wa pili na amejitolea mwenyewe. Kimya alipofika mwaka jana hakuongea na mtu miezi mitatu, akajua hali hiyo ni chungu kiasi gani, ndiyo maana akaomba apewe mwanafunzi mpya. Akapewa mimi. Daftari lile ni la taarifa anazomletea Mshauri kila wiki.

Nikamtazama Kimya. Mshauri akamuuliza kama tunaelewana. Niliona shangazi na meza yake mbele yangu. Niliona baba akiambiwa. Nikajua kwa hakika kwamba leo nafungasha.

Kimya akafikiri kwanza. Halafu akasema, "Mwaka jana wote hakuna mtu aliyeniambia karibu. Huyu ananiambia kila siku. Namchukulia nusu ya chakula chake kwa sababu nikikataa, naogopa ataacha kuniambia." Ndiyo maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema. Akaongeza kwamba ana wasiwasi na njaa yangu. Kwao mgeni akisafisha sahani maana yake hajashiba, na mimi kila akileta nasafisha. Ameshamaliza akiba yake ya mayai.

Nilishindwa kujizuia. Machozi yalinitoka mbele ya Mshauri, na mkate nao ukataka kutoka. Nikasema kwetu tunamaliza ili mwenye chakula asione haya. Kimya akashika kichwa. Halafu akaanza kucheka, nami nikacheka, ingawa kwa hali ya tumbo langu ilikuwa adhabu.

Mshauri akapiga muhuri. Tunabaki.

Nje, Mtaalamu alikuwa amekaa kwenye benchi peke yake. Mwenzake ameomba kuhamishwa. Amesema kwamba tangu waanze kuishi pamoja hajawahi kumaliza sentensi hata moja. Mtaalamu anakwenda kuishi kwa mjomba wake. Nilidhani nitafurahi. Nilimbebea sanduku hadi getini.

Jumatano hiyohiyo, usiku

Tumekula pamoja mkahawani, katikati kabisa ya watu. Nimelala saa tatu na usingizi ukaja wenyewe, nimeamka saa nne na nusu kuandika hili tu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekuwa na siku mbili za kutuliza akili, na sasa nimeelewa kila kitu. Nashangaa nilivyochelewa.

Mshauri ni mwanamke mwerevu mno. Alimwona Kimya amekata tamaa, mgeni, hana watu, haongei. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba anahitaji msaada, unammaliza kabisa. Basi akafanyaje? Akamwambia kwamba yeye ndiye msaidizi! Akampa daftari la kuandikia ajione mtu wa maana. Halafu akamtafutia mwanafunzi imara, mtulivu, asiye na shida yoyote, ajifanye ndiye anayesaidiwa. Juzi, mbele ya Kimya, ilimbidi aendeleze mchezo, na mimi, kwa kutojua, nusura niuharibu. Hata machozi yangu yalikuja wakati mwafaka kabisa.

Asubuhi nimekwenda ofisini kwake kumpongeza. Nikamwambia asiwe na hofu, siri yake iko salama kwangu. Kimya ataendelea kuniuliza hali na kuniandika, nami nitaendelea kujibu kwa unyonge, na ikibidi nitalia kidogo kila Ijumaa, ilimradi kijana wa watu apate nafuu.

Mshauri alinitazama juu ya miwani. Kisha akafungua faili langu, akaandika ukurasa mzima, akageuza na kuandika nyuma yake. Nadhani ni sifa.